Grace Hopper: Mwanamaji aliyekataa programu zizikwe na mashine zake

MNAMO Agosti 14, 1986, watu walikusanyika katika bandari ya Boston, Marekani, ndani ya merikebu ya kivita USS Constitution, kumuaga afisa mmoja wa jeshi la wanamaji aliyekuwa akistaafu. Merikebu hiyo ya mbao ilishushwa majini mwaka wa 1797, na hakuna nyingine katika jeshi hilo iliyokuwa imetumikia kwa muda mrefu zaidi. Afisa mwenyewe naye alikuwa mkongwe. Alikuwa bibi mwembamba mwenye mvi na miwani, aliyetimiza umri wa miaka 79. Katika majeshi yote ya Marekani hapakuwa na afisa mwingine aliyekuwa kazini ambaye alimzidi umri.

Bibi huyo ni hayati Grace Hopper. Hakupata sifa kwa kuongoza manowari wala kufyatua mizinga. Kwa zaidi ya miaka 40 alishughulika na tarakilishi, au kompyuta kama wengi wanavyoiita, na hasa na swali moja ambalo hadi leo linaisumbua kila benki, kila kampuni na kila afisi ya serikali. Mashine inapozeeka na kutupwa, je, kazi yote iliyoandikwa kwa ajili yake sharti itupwe pia?

Msomaji aliyewahi kununua kompyuta mpya, kisha akakuta kwamba faili na programu zake za zamani hazifunguki humo, anaelewa uzito wa swali hilo. Wakati Hopper alipoanza kazi, hali ilikuwa mbaya zaidi ya hapo.

Saa saba vipande vipande

Grace Brewster Murray alizaliwa Desemba 9, 1906, jijini New York, akiwa kifunguamimba katika familia ya watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba, alitamani kujua jinsi saa ya kengele inavyofanya kazi. Akaifungua moja, akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili ili aone alikosea wapi katika ile ya kwanza. Mama yake alipogundua yanayotendeka, saa saba za nyumbani zilikuwa vipande vipande. Tangu siku hiyo aliruhusiwa kuchezea moja tu.

Alisomea hisabati na fizikia katika chuo cha Vassar, akahitimu mwaka wa 1928. Miaka miwili baadaye aliolewa na Vincent Hopper, na ingawa ndoa yao ilivunjika mwaka wa 1945 bila mtoto, alilihifadhi jina hilo hadi kifo. Mwaka wa 1934 alipata shahada ya uzamifu katika hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Yale, jambo ambalo wanawake wachache mno walikuwa wamelifikia wakati huo. Alirudi Vassar kufundisha, na huenda angalizeekea huko lau si Vita vya Pili vya Dunia.

Baada ya Japani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor mnamo Desemba 1941, Hopper alitaka kujiunga na jeshi la wanamaji. Aliambiwa kwamba umri wake ulikuwa umepita. Isitoshe, uzani wake ulipungukiwa na takriban kilo saba kufikia kiwango kilichohitajika. Hakukata tamaa. Aliomba aruhusiwe licha ya kasoro hizo, na mwishoni mwa mwaka wa 1943 akapokelewa katika kikosi cha akiba cha wanawake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa umri kutaka kumfungia mlango, na haikuwa ya mwisho.

Jitu la chuma

Mnamo Julai 1944, Luteni Hopper alitumwa katika Chuo Kikuu cha Harvard kufanya kazi chini ya Howard Aiken. Humo alikuta mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa takriban mita 15 na kimo cha zaidi ya mita mbili, na ndani yake mlikuwa na mamia ya maelfu ya vipuri vilivyozunguka na kugonga usiku na mchana. Jitu hilo lote lilijumlisha mara tatu tu kwa sekunde moja. Lilipewa maagizo kwa matundu yaliyotobolewa katika utepe wa karatasi, na kila tundu lilikuwa na maana kwa mashine hiyo pekee.

Hopper alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kuifanya kazi ya kuandika programu. Yeye na wenzake walihesabu majedwali ya kulenga mizinga na masuala mengine ya vita. Pia aliandika kitabu kikubwa cha kueleza matumizi ya mashine hiyo, kilichochapishwa mwaka wa 1946.

Katika kazi hiyo aling'amua jambo. Kila mara yeye au mwenzake alipoandika sehemu ya programu iliyofanya kazi vyema, waliihifadhi katika daftari ili waitumie tena. Lakini walipoinakili kwa mkono, walikosea. Binadamu, hata awe msomi wa hisabati, ni mnakili mbaya. Hopper alianza kujiuliza kwa nini kazi hiyo ya kunakili isifanywe na mashine yenyewe.

Wengi humkumbuka Hopper kwa kisa cha nondo. Mnamo Septemba 9, 1947, mafundi wa mashine iliyofuata, Mark II, walipata nondo aliyekwama ndani na kuizuia isifanye kazi. Walimbandika mdudu huyo katika kitabu cha kumbukumbu, ambacho kimehifadhiwa hadi leo katika makavazi ya Smithsonian. Watu wengi hudhani kwamba hapo ndipo hitilafu za kompyuta zilipoanza kuitwa wadudu kwa Kiingereza. La hasha. Wahandisi walilitumia neno hilo miongo mingi kabla ya hapo, na si Hopper aliyempata nondo. Yeye alikipenda tu kisa hicho, akakisimulia maisha yake yote.

Mkalimani ndani ya mashine

Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwake. Vita vilikuwa vimekwisha, na waliomwandikia historia wanaeleza kwamba alipitia kipindi kigumu cha upweke na ulevi. Mwaka wa 1949, akiwa na umri wa miaka 42, alihamia Philadelphia na kuajiriwa na kampuni changa ya Eckert na Mauchly. Kampuni hiyo ilinunuliwa mwaka uliofuata na Remington Rand, na mwaka wa 1951 ikaikabidhi idara ya sensa ya Marekani mashine ya UNIVAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa nchini humo kwa shughuli za kawaida.

Ili kuielewa kazi aliyoifanya huko, ni sharti tuelewe maradhi aliyotaka kuyatibu. Kompyuta haielewi maneno. Inaelewa namba, na kila namba ni agizo, kama vile kujumlisha, kuhamisha au kulinganisha. Lakini namba inayomaanisha kujumlisha katika mashine ya kampuni moja inaweza kumaanisha jambo jingine kabisa, au isimaanishe chochote, katika mashine ya kampuni nyingine. Kwa hivyo, aliyeandika programu ya mishahara kwa mashine fulani alikuwa ameifunga kamba katika mashine hiyo. Siku mashine ilipong'olewa, programu ilikufa nayo.

Hopper alipendekeza kuwepo mkalimani. Mtu aandike maagizo kwa njia inayomfaa mtu, kisha programu maalumu iyatafsiri kuwa namba zinazofaa mashine. Mashine ikibadilika, kinachobadilishwa ni mkalimani peke yake, wala si kazi yote. Mwaka wa 1952 alikamilisha programu aliyoiita A-0, ambayo ilikusanya vipande vya programu kutoka katika hifadhi na kuviunganisha. Programu za kutafsiri za namna hii ndizo zinazoitwa kompaila, nazo leo hutumika kila mahali ambapo programu huandikwa.

Watu hawakumwamini. Alielezwa kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, na kwamba haiwezekani mashine kuandika programu. Aliyashikilia aliyoyaamini. Baada ya miaka kadhaa kikundi chake kilitoa lugha iliyoitwa FLOW-MATIC, ambayo maagizo yake yaliandikwa kwa maneno ya Kiingereza yanayoeleweka na karani wa kawaida.

Ili kuonyesha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, Hopper aliwaandalia wakubwa wake programu ile ile kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Walishtuka. Hawakuona vipi mashine iliyotengenezwa Pennsylvania ingeelewa Kifaransa au Kijerumani, na ikambidi awahakikishie kwamba angetumia Kiingereza pekee. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwa maana kwa hoja iyo hiyo, hakuna sababu ya kimashine ya kuzuia maagizo hayo yasiandikwe kwa Kiswahili.

Fahali wanapopigana

Kufikia mwishoni mwa miaka ya hamsini, biashara ya kompyuta ilikuwa imepamba moto. IBM, Remington Rand iliyokuwa sasa sehemu ya Sperry Rand, RCA, Honeywell, Burroughs na nyinginezo zilikuwa ziking'ang'ania wateja. Kila kampuni ilikuwa na mashine zake, na nyingine zilikuwa zimeanza kuunda lugha zao za biashara. Lakini wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa walikuwa wateja.

Utafiti wa mwaka wa 1959 ulionyesha kwamba kuandika programu za kituo kimoja kuligharimu wastani wa dola 800,000, na kuzihamishia katika mashine mpya kungegharimu dola 600,000 nyingine. Wizara ya Ulinzi ya Marekani peke yake ilikuwa na kompyuta 225, ikiwa imeagiza nyingine 175, na ilikuwa imetumia zaidi ya dola milioni 200 kwa programu. Mteja aliyetaka kuihama kampuni moja na kujiunga na nyingine alikuwa kama mtu anayehama nyumba na kuambiwa achome samani zake zote.

Mnamo Mei 28 na 29, 1959, watu wapatao 40 kutoka serikalini, katika kampuni za kutengeneza kompyuta na miongoni mwa watumiaji walikutana katika makao makuu ya wizara hiyo, Pentagon. Wazo la kikao kama hicho lilikuwa limetolewa na Mary Hawes wa kampuni ya Burroughs, na Hopper alikuwa miongoni mwa waliolisukuma mbele. Walikubaliana kuunda lugha moja ya shughuli za biashara ambayo ingefanya kazi katika mashine ya kampuni yoyote. Lugha hiyo ikaitwa COBOL.

Wengi humwita Hopper mama wa COBOL. Heshima hiyo anaistahili, ila yafaa ielezwe bayana. Lugha hiyo iliandikwa na kamati, akiwemo Jean Sammet aliyekuwa na mchango mkubwa, na Hopper alikuwa mshauri. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sura yake ilitokana na FLOW-MATIC, ambayo tayari ilikuwa ikitumika.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama, na kamati hiyo ilielekea kuzama. Kazi ilichelewa na mivutano ikazidi, hadi Howard Bromberg wa RCA akanunua jiwe la kaburi, akachongesha jina la COBOL na kulituma kwa Charles Phillips, afisa wa Wizara ya Ulinzi aliyeusimamia mpango huo. Ilikuwa njia yake ya kusema kwamba lugha hiyo ingekufa kabla ya kuzaliwa.

Haikufa. Mnamo Desemba 6 na 7, 1960, programu moja ya COBOL, ikiwa na mabadiliko madogo tu, ilitafsiriwa na kuendeshwa katika mashine mbili za mahasimu wawili, moja ya RCA na nyingine ya Remington Rand. Kazi ya mtu ilikuwa imeondoka katika mashine moja ikaingia katika nyingine ikiwa hai. Wizara ya Ulinzi nayo ilitangaza kwamba haingenunua wala kukodi kompyuta isiyokuwa na COBOL, isipokuwa pale ilipothibitishwa kwamba haihitajiki. Kampuni ambazo zingependa kuwafungia wateja wao zizini hazikuwa na budi kutii.

Kustaafishwa na kurudishwa

Mwishoni mwa mwaka wa 1966, akiwa na umri wa miaka 60 na cheo cha kamanda, Hopper alistaafishwa kutoka kikosi cha akiba. Alisema baadaye kwamba hiyo ilikuwa siku ya huzuni kuu maishani mwake. Lakini miezi michache tu baadaye, mnamo Agosti 1967, wanamaji walimwita tena. Mishahara yao ilitegemea programu zilizokuwa zimewashinda.

Sababu ni kwamba fahali hawakuwa wameacha kupigana. Kila kampuni ilikuwa ikiongeza vikorombwezo vyake katika COBOL, hata lugha iliyokusudiwa kuwa moja ikaanza kugawanyika kuwa lahaja. Programu iliyoandikwa kwa lahaja ya kampuni moja ilikwama katika mashine ya nyingine, na wateja wakajikuta wamerudi walikotoka.

Hopper aliitwa kwa miezi sita. Alikaa kwa miaka 19. Kikundi chake kiliandaa majaribio ya kupima kama kompaila ya kampuni fulani inafuata kanuni za COBOL, ambayo iliwekewa viwango rasmi nchini Marekani mwaka wa 1968. Muuzaji hakuweza tena kudai kwa mdomo tu kwamba bidhaa yake inaafikiana na nyingine, ilibidi athibitishe.

Katika miaka hiyo alizunguka kila pembe akihutubia wanafunzi na maafisa. Alibeba vipande vya waya wenye urefu wa takriban sentimita 30, akawagawia wasikilizaji, akieleza kwamba huo ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Afisini mwake alitundika saa ambayo mishale yake ilizunguka kinyume, ila ilitaja majira sahihi. Alikusudia kuwafunza watu kwamba desturi si sheria. Hakuna hoja aliyoichukia kama ile ya mtu kutetea jambo kwa sababu tu ndivyo lilivyofanywa siku zote.

Wenye mashine walivyotoweka

Yaliyotukia baadaye yalithibitisha kwamba alichokipigania kilikuwa na maana. Ile UNIVAC ya idara ya sensa ilistaafishwa mwaka wa 1963 na kupelekwa katika makavazi. RCA ilijitoa katika biashara ya kompyuta mwaka wa 1971, na wateja wake wakachukuliwa na hasimu wake, Sperry Rand. Sperry nayo iliungana na Burroughs mwaka wa 1986, na majina yote mawili yakapotea. Kampuni ya Digital, iliyomwajiri Hopper kama mshauri baada ya kustaafu kwake, ilimezwa na Compaq mwaka wa 1998, na Compaq ikamezwa na Hewlett-Packard mwaka wa 2002.

Mashine zilioza na wenye mashine wakatoweka, lakini programu za COBOL zilipita kutoka kizazi kimoja cha mashine hadi kingine. Wasomi hawakuipenda lugha hiyo. Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika mwaka wa 1975 kwamba kuifundisha kulistahili kuhesabiwa kuwa uhalifu. Benki, kampuni za bima na serikali hazikumsikiliza. Ziliendelea kuitumia.

Hata hivyo, dawa hiyo ilileta maradhi yake. Watayarishaji wa programu wa zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili pekee, kwa sababu kadi na hifadhi za kompyuta zilikuwa na nafasi finyu. Walidhani programu zao zingekuwa zimetupwa kabla ya mwaka wa 2000. Hazikutupwa. Karne ilipokaribia kwisha, dunia iligutuka kwamba kompyuta zingesoma mwaka wa 2000 kama 1900, na mabilioni ya dola yakatumika kuzirekebisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mnamo Aprili 2020, janga la corona lilipowaacha mamilioni ya Wamarekani bila ajira, mifumo ya kushughulikia maombi ya marupurupu yao ilizidiwa. Gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alijitokeza hadharani kuomba wajuzi wa COBOL wajitolee kusaidia. Programu zilikuwapo, zimetimiza zaidi ya miaka 40. Walioadimika ni watu wanaozielewa.

Buriani

Grace Hopper hakuyashuhudia hayo. Alifariki Januari 1, 1992, akiwa na umri wa miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Alikuwa amepandishwa hadi cheo cha admirali, kilele ambacho wanawake wachache walikuwa wamekifikia katika jeshi hilo. Mwaka wa 1997 manowari iliyopewa jina lake, USS Hopper, iliingia kazini. Mnamo Novemba 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alimtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru, ingawa mwenyewe alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 24.

Maisha yake yanatuachia funzo lenye makali pande mbili. Alitufunza kwamba jasho la mtu lisifungwe katika mashine ya muuzaji mmoja, kwa maana mashine huzeeka na muuzaji huondoka sokoni. Shirika au serikali inayonunua mfumo bila kuuliza jinsi itakavyohamisha kazi zake siku mfumo huo utakapochakaa, inajifunga kitanzi yenyewe.

Lakini programu iliyookolewa isife yataka watu wa kuitunza. Wengi walioachiwa COBOL waliiendesha mwaka baada ya mwaka bila kurithisha ujuzi wake kwa vijana, kwa sababu tu ndivyo ilivyofanywa siku zote. Hiyo ndiyo hoja ambayo bibi yule wa saa inayorudi nyuma hakutaka kuisikia.